Kifaa cha Tano

Simu ilisema vifaa ni vitano. Mama Redio akahesabu kwa vidole: simu yake, moja; kompyuta ya kazi, mbili; kishikwambi cha mtoto chenye kioo kilichopasuka, tatu; na printa mpya, nne. Mpya ni namna ya kusema tu, kwa kuwa ilikwisha kufanya kazi kwenye ofisi ya watu mpaka ofisi ikafungwa. Akahesabu upya akianzia na printa, kana kwamba hesabu hubadilika ukiirudia kinyumenyume. Nne. Cha tano kilikaa chini kabisa ya orodha, hakina jina, ila kistari kifupi mahali ambapo jina lingekaa.

"Kuna mtu anatuibia intaneti," alisema.

"Mwache aibe," Bibi akajibu kutoka kwenye kochi, miguu ameiweka juu ya kigoda. "Kwani inapungua?"

Swali hilo lilimshinda Mama Redio. Bibi alikuwa mama mkwe wake, na katika miaka minane ya kuishi naye Mama Redio hakuwahi kumshinda kwa maneno hata siku moja. Wala hakuna mwingine aliyewahi. Mdomo wa Bibi ulikuwa haujui likizo. Alikuwa na methali ya kila tatizo, na kisa cha kila methali. Mjukuu wake wa miaka sita alikirithi kipaji hicho chote bila kumwachia ndugu mwingine hata punje, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Redio, na mama yake akapoteza jina lake la kuzaliwa akawa Mama Redio. Baba wa mtoto alikuwa mbali, kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Alipopiga simu siku za Jumapili aliiweka mezani, akala chakula chake taratibu huku Redio akizungumza, maana alijua zamu yake haitafika.

Mama Redio alikuwa msahihishaji wa vitabu vya shule. Wachapishaji walimtumia kurasa kwa barua pepe, naye akazisoma neno kwa neno, rula chini ya mstari, kalamu nyekundu mkononi, akiwinda herufi iliyopotea na neno lililorukwa. Kwenye kioo cha kompyuta makosa yalimkimbia. Kwenye karatasi yalijisalimisha. Kwa hiyo alizoea kwenda kuchapisha kwenye duka la vifaa vya ofisi, na foleni yake na jua lake, mpaka likizo hii, mtoto yuko nyumbani, akasema yatosha. Akanunua printa kwa fundi wa mashine wa mtaa wa pili. Fundi alimhakikishia kwamba ukiacha waya wa umeme, haihitaji waya mwingine wowote. "Unaiunganisha na waifai ya nyumbani, dada. Dakika mbili tu."

Ilichukua asubuhi nzima. Printa ilikuwa na vitufe vitatu na taa moja ya bluu, na taa hiyo ilikuwa na hasira zake. Ukibonyeza kitufe kwa sekunde tatu, inapepesa. Ukichelewa kwenda kubonyeza kingine nyuma ya ruta, inazimika, unaanza upya. Na ruta yenyewe ilikuwa nyuma ya kabati la vyombo, mahali ambapo mtu mzima huingia kwa kujikunja. Mara ya saba Mama Redio aliacha simu yake mezani mbele ya Bibi, akabonyeza printa, akakimbia, akapiga magoti nyuma ya kabati akabonyeza na huko, na safari hii printa ikashtuka, ikaguruma, ikakohoa mara mbili kama mzee anayetaka kuanza hotuba.

"Mama, mbona inakohoa?" Redio aliuliza. "Ina mafua? Ilikuwa inalala nje? Mama, ikipiga chafya karatasi zitaruka?"

Walicheka wote watatu. Karatasi ya majaribio ikatoka, safi, na mistari ya rangi kama inavyotakiwa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na sentensi moja: Mama, mbona inakohoa?

Mama Redio aliisoma mara mbili. Simu za siku hizi zinasikia, alijiambia, pengine na printa zimeanza. Hapo ndipo alipofungua simu kutazama orodha, akakuta vifaa vitano.

Kilichomsumbua hasa hakikuwa wizi. Simu yake aliipanga mwenyewe kwamba hakuna kifaa kitakachoingia kwenye mtandao wa nyumba bila ombi kuja kwanza kwenye kioo, na mtu kubonyeza Ruhusu au Kataa. Mwizi haombi. Alikifuta kile cha tano, orodha ikabaki na vinne. Akaenda jikoni kubandika maji ya chai, na aliporudi vilikuwa vitano.

Jioni ile alichapisha sura ya kwanza ya kitabu cha jiografia. Printa ikaguruma, Redio akaja mbio.

"Mama, inafanya tena! Ina..." Akanyamaza. Akajigusa kifua. Akafungua mdomo, akaufunga. "Ina ile. Ile ya mafua. Ya hivi," akakohoa kwa mfano. "Inaitwaje?"

"Inakohoa."

"Ndiyo," Redio alisema, lakini hakulirudia neno, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyetajiwa mji asioujua.

Kesho yake asubuhi nzi alizama kwenye chai ya Redio, na mtoto akamfanyia hotuba ya maziko: kwamba ameacha watoto wangapi, nani atawapelekea habari, na kwa nini nzi hakujifunza kuogelea. Bibi alicheka mpaka akavua miwani. Mchana, katikati ya ukurasa wa mito mikubwa, Mama Redio akakuta mstari usiokuwa wa mwandishi: Nzi hakujifunza kuogelea. Akainua macho. Nzi mwingine alikuwa anajigonga kwenye kioo cha dirisha, na Redio alikuwa anamtazama kimya.

"Redio, huyo nani?"

Mtoto akatafuta. Mtu anayetafuta neno huonekana. Macho yake huenda juu, kisha pembeni, kisha chini. "Mdudu," akasema mwishowe, kwa aibu.

"Mdudu gani?"

"Mdudu tu, Mama."

Mtu mwingine asingetambua, maana watoto husahau na kukumbuka. Lakini Mama Redio alilipwa mshahara kwa kuona neno lililokosekana, na kuanzia saa ile hakuweza kuacha kuona. Redio alisema "kile cha kukalia" kwa kuwa kiti kilikuwa hakipo tena kinywani mwake. Mvua ikawa "maji ya juu". Na kila neno lililompotea lilikuwa limekwisha kutoka kwenye printa, ndani ya sentensi yake mwenyewe, kwa herufi ndogo, chini ya kurasa za watu. Mama Redio alizikusanya karatasi hizo kwenye bahasha. Siku ya nne bahasha haikufungika.

Alimwambia Bibi jikoni, kwa sauti ya chini, bomba la maji wameliacha wazi ili wasisikike, ingawa hakuweza kusema wasisikike na nani.

"Mama, mtoto anapoteza maneno."

"Anakua. Watoto wakikua hutulia."

"Hatulii. Anaibiwa."

Bibi alikuwa anafuta kikombe kwa kitambaa. Aliendelea kukifuta muda mrefu baada ya kukauka, na hakuleta methali. Hilo lilimtisha Mama Redio kuliko bahasha.

Siku ya tano, saa nane mchana, saa ambayo jua limewafungia watu ndani na mtaani hakuna hata mbwa, alikuwa mezani na rula yake. Printa aliizima tangu asubuhi, akachomoa waya wa umeme, akauviringisha, akaufunga fundo. Kwanza ilikuja harufu ya nywele zinazoungua, na ndani yake utamu wa tunda lililolala sana. Akanusa nywele zake mwenyewe, akaenda kunusa jiko, jiko lilikuwa baridi. Aliporudi kitini akasikia mnong'ono. Ulitoka kwenye kona ya printa, sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke, kavu, ya karatasi kusugua karatasi, na ilikuwa inasema neno moja, ikilikosea, ikilirudia, ikilikaribia, jinsi mtoto wa darasa la kwanza anavyosogeza kidole chini ya herufi, nnn, nnnzzz, nzi, nzi, nzi, mpaka ikalipata, na ilipolipata ikalisema kwa sauti ya Redio, sauti yenyewe hasa, pamoja na ule mkwaruzo wake mdogo wa asubuhi, ikacheka kidogo kwa furaha ya aliyejifunza, kisha ikaanza neno la pili, na Mama Redio akabaki ameishika rula kwa mikono miwili, hawezi kuinuka, hawezi kupiga kelele, kwa sababu kutoka pale alipokaa alimwona Redio mwenyewe kupitia mlango wa chumba, amelala usingizi, kifua kinapanda na kushuka taratibu, na mdomo wake umefungwa.

Alipopata miguu aliibeba printa akaipeleka uani, akaifunika kwa beseni, na juu ya beseni akaweka tofali. Ruta akaizima. Kisha akambeba mtoto mpaka kwa daktari. Daktari akatazama koo, akatazama masikio, akamwonyesha Redio picha ishirini za wanyama. Redio akataja watatu. Daktari akaandika barua ya kumwona bingwa baada ya wiki tatu, na Mama Redio akajua kwamba wiki tatu hawana.

Aliporudi alitaka karatasi nyeupe aandike maneno ambayo mtoto bado anayo, ajue pa kuanzia kuyalinda. Akatoa kabatini pakiti mpya, iliyofungwa kwa gundi ya kiwandani, akaipasua. Karatasi ya kwanza haikuwa nyeupe. Wala ya pili. Aliitawanya pakiti nzima sakafuni, karatasi mia tano, na zote zilikuwa na maneno ya Redio, ya jana, ya wiki iliyopita, ya mwaka juzi, mpaka yale ya umri wa miaka miwili, alipokuwa akiuita mwezi taa ya Bibi.

Akakaa papo hapo chini, akampakata mtoto, akaanza kumsomea. Alifikiri labda maneno yakirudishwa masikioni yatapata njia ya mdomoni. Redio alimsikiliza kwa adabu, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesimuliwa habari za ukoo usio wake. Kabla ya magharibi alimvuta mama yake nguo akataka kumwita, na mdomo ulifunguka ukabaki wazi. Akajaribu tena. Machozi yakamjaa. Akampiga mama yake pajani kwa ngumi ndogo, mara mbili, mara tatu, kwa hasira ya kushindwa kumwita, na mama akatazama karatasi iliyokuwa mkononi mwake, ambayo dakika moja kabla ilikuwa na hadithi ya nzi, akaona neno moja limeijaza kutoka juu hadi chini: Mama Mama Mama Mama.

Alilia kwa sauti. Hakujali tena nani anasikia.

Asubuhi alimwita fundi wa mashine. Fundi aliingia akicheka, maana mafundi hucheka kwanza ndipo watazame.

"Shikamoo mama," alimwambia Bibi.

"Marahaba," Bibi alisema, na hakuongeza neno.

"Dada, printa haina dhambi. Hizo ni kazi za zamani zimebaki kwenye kumbukumbu yake. Tunafuta, tunasahau."

Mama Redio akampa ile pakiti. Fundi akasoma karatasi moja. Akasoma ya pili. Cheko likakatika.

"Pakiti ilikuwa imefungwa?"

"Nimeipasua mwenyewe."

Fundi aliiweka chini kwa mikono miwili, polepole. "Mimi nauza mashine, dada," alinong'ona. "Wakazi siuzi." Lakini hakukimbia, tumshukuru kwa hilo. Alitoka, na baada ya saa moja alirudi na shangazi yake.

Shangazi alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na mkoba wa plastiki. Aliomba glasi ya maji. Wote wakasimama kimya wakidhani ni maji ya dawa. Akayanywa yote akairudisha glasi, alikuwa na kiu tu. Akamtazama Redio, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, akaufunga. Akanusa hewa.

"Ana siku ngapi hapa?"

"Printa ina siku sita," Mama Redio alisema.

"Sikuuliza printa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wenu ana siku sita na jembe hajalishika." Akakaa. "Nimepokea watoto zaidi ya elfu. Kila anayeingia ndani ya nyumba, kuna aliyempokea. Huyu alipokewa na nani?"

"Hakuna. Niliruhusu printa peke yake."

"Uliruhusu wewe?"

Mama Redio alifungua mdomo aseme ndiyo. Kisha akakumbuka magoti yake sakafuni nyuma ya kabati, na simu mezani. Kwa furaha ya siku ile hakujiuliza nani alibonyeza Ruhusu. Akageuka taratibu.

Bibi alikuwa amevua miwani. Bila miwani alionekana mdogo.

"Simu ililia," alisema, sauti yake nyembamba. "Ikaandika kuna anayeomba kuingia. Nikabonyeza Ruhusu. Ikalia tena, kuna mwingine. Huyo wa pili hakuwa na jina. Niliona hana jina, mwanangu, macho yangu hayajafa. Lakini tangu nizaliwe sijamwambia kataa mtu aliyepiga hodi. Mama yangu hakusema, na mimi sikusema. Nikabonyeza."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Siku ya kwanza niliona ni upuuzi. Siku ya nne niliona aibu."

Mkunga akashusha pumzi. "Ni jini asiye na ulimi," alisema kwa sauti ya chini. "Hukaa kwenye kuta za mahali penye maneno mengi, anasikiliza, anatamani. Huyu hakuvunja mlango, na aliyekaribishwa hafukuzwi. Mkimfukuza ataondoka na alichokishika mkononi, na alichokishika ni ulimi wa mtoto. Anaagwa kwa heshima. Anayemuaga ni yule aliyemkaribisha. Amtoe ndani, amsindikize mpaka njia panda, na pale ampe zawadi inayozidi ile aliyojichukulia. Akiipenda, ataiachia ya kwanza."

"Zawadi gani inazidi?" Mama Redio aliuliza. Jibu alishalijua; alitamani tu mwanamke yule aseme kitu kingine.

Bibi alirudisha miwani usoni. "Redio ana maneno ya miaka sita. Mimi nina ya miaka sabini na moja. Hata mjinga anaujua mzigo mkubwa."

"Mama, usifanye hivyo."

"Mlango nimefungua mimi."

"Nani atanigombeza?" Mama Redio alikuwa analia. Hakutegemea kusema hivyo, ila ndicho kilichotoka.

"Utajigombeza mwenyewe. Umenisikia vya kutosha." Bibi akamvuta, akampapasa mgongoni. Akamvuta na Redio, akamwambia mambo mengi sikioni, mengi sana, haraka haraka, na mtoto akamtazama mdomo bila kuelewa hata neno.

"Jambo moja," mkunga alisema. "Mkiagana, mwambie kwaheri, basi. Usimwambie karibu tena."

"Shangazi, hilo nalo gumu?" fundi aliuliza.

"Ni gumu. Jaribu kumuaga mtu bila kulisema. Ulimi hulitoa wenyewe."

Saa nane mchana Bibi alivaa viatu vyake vizuri, akafungua mlango wa mbele, akasimama pembeni kama mwenyeji anavyosimama. "Haya, baba," aliiambia kona iliyo tupu, "tumekaa vizuri, usije ukasema hatukukupenda. Sasa nikusindikize." Harufu ya nywele zinazoungua ikapita katikati yao, ikagusa shavu la Mama Redio kwa joto, ikatoka nje.

Mama Redio alisimama mlangoni, mtoto kifuani, akamtazama mama mkwe wake akishuka mtaa ule mweupe kwa jua, akitembea upande mmoja wa njia ili kumpa mwenziwe nafasi, akizungumza bila kupumzika, akiuliza hali ya watu wake huko atokako, akilalamikia joto, akicheka na kumpigapiga mtu bega pasipo na bega, na kando yake, upande wa kulia, vumbi lilikuwa linainuka kidogo, kisha linatulia, kisha linainuka tena mbele, hatua kwa hatua, pasipo mguu, mpaka wakafika njia panda wakasimama, na Bibi akajishika koo kwa mkono mmoja, akautoa mkono ule taratibu kana kwamba anavuta uzi mrefu, akaunyoosha mbele yake, kiganja juu, akangoja.

"Mama," Redio alisema.

Mama Redio akamkumbatia kwa nguvu.

"Mama, unanibana. Mbona Bibi amesimama juani? Anaongea na nani? Mama, kuna nzi kwenye nywele zako!"

Akambusu machoni, puani, mdomoni, akicheka na kulia, na maneno ya mtoto yakamwagika juu yake mfululizo. Alipoinua kichwa, Bibi bado alikuwa njia panda. Mkono wake ulikuwa umeshuka. Lakini midomo ilikuwa inamalizia kitu, kitu kifupi, na usoni mwake mlikuwa na lile tabasamu ambalo kwa miaka minane Mama Redio aliliona kila Bibi alipowaaga wageni. Kisha Bibi akageuka, akarudi peke yake.

"Mama, mwishoni ulimwambia nini?"

Bibi alifungua mdomo. Hapakutoka kitu. Mama Redio akampa kalamu na karatasi. Bibi akaishika kalamu, akaitazama ncha yake, akaitazama karatasi, na mkono haukujua pa kuanzia. Maandishi nayo yalikuwa yamekwenda. Akaiweka kalamu chini, na machozi yakamtiririka mpaka kidevuni.

Fundi aliichukua printa bila kujadili bei. Kwenye simu vifaa vikawa vitatu, asubuhi na jioni, vitatu tu. Mama Redio alirudi kwenye foleni ya duka la vifaa vya ofisi, na safari hii aliipenda foleni yake. Nyumbani Redio alizungumza kwa niaba ya wawili. Alimsimulia Bibi habari za mtaa, akamwuliza swali, akalijibu mwenyewe kwa niaba yake, akamgombeza mama yake kwa niaba yake pia. Bibi alitabasamu, akamshika mkono. Nyumba ilikuwa na furaha iliyopungua upande mmoja, na Mama Redio alimkumbuka mama mkwe wake huku amekaa naye chumba kimoja.

Wiki ya tatu jirani wa nyumba ya kona alimkuta akianika nguo.

"Afadhali Bibi amepata nafuu! Jana kaja kupiga hodi kwangu."

Nguo ikamponyoka Mama Redio. "Jana? Ulimwona?"

"Kumwona sikumwona, nilikuwa nafua nyuma. Lakini sauti ile nani asiyeijua? Nikamwambia karibu, pita ndani, nakuja. Kufika sebuleni, sioni mtu. Mwambie asiwe na haraka hivyo."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nane hivi."

Saa nane ya jana Bibi alikuwa amelala kwenye kochi, kichwa chake mapajani mwa Redio.

"Mwanao hajambo?" Mama Redio aliuliza.

"Mwanangu? Hajambo. Ila leo kaamka na kiburi, namsemesha hanijibu."

Mama Redio aliacha nguo chini, akakimbia ndani, akafunga mlango na komeo la juu na la chini. Bibi na Redio walikuwa kwenye zulia wakipanga vifuniko vya chupa. Alikuwa bado hajapata la kuwaambia wakati mlango ulipogongwa.

"Hodi! Hodi wenyewe!" Ilikuwa sauti ya Bibi, nene, yenye kicheko, na miaka yake sabini na moja yote ndani yake. "Mnalala mchana wote, mmekula nini? Haya, mgeni njoo mwenyeji apone! Hodi!"

Redio aliruka kwa furaha, akautazama mlango, akamtazama Bibi aliyekaa pembeni yake, akautazama mlango tena. Hakuelewa, lakini hodi aliielewa, na jibu lake alifundishwa kabla hajajua kutembea. Akavuta pumzi ili aitikie.

Bibi akamziba mdomo. Bibi, ambaye maishani mwake hakumwacha mtu nje, alimziba mjukuu wake mdomo kwa kiganja, akakikandamiza kwa nguvu, na juu ya kichwa cha mtoto macho yake yakamshika mkwe wake, akatikisa kichwa: usijibu.

Walikaa vile vile, watatu. Desturi ya hodi ni mara tatu, asiyeitikiwa huondoka. Mama Redio alihesabu. Ya pili ikapita. Ya tatu ikapita, ikafuatwa na kimya kirefu.

Kisha ikaja ya nne.